Malipo ya Fundi Yafuate Kazi

Mtu akipita katika vijiji na mitaa yetu, Unguja na Pemba, haendi mbali kabla ya kuona nyumba iliyoanza kuongezwa vyumba na isimalizike. Kuta zimefika kwenye linta, nondo zimechomoza na kushika kutu, na majani yameota mahali palipokusudiwa kuwa chumba cha bwana harusi. Wapo ambao fedha zao zimewaishia tu, na hao hawana lawama. Lakini wapo wengine ambao fedha walikuwa nazo, zikamfikia fundi kabla ya kazi kufanyika. Zilikuwa fedha za karafuu za msimu mzima, au kiinua mgongo cha mzee aliyestaafu, au akiba ya kijana aliyeko Omani. Fedha kama hizo zikipotea, hazirudi kwa urahisi.

Chanzo cha mkasa huu ni haya zetu. Fundi aghalabu ni jirani, au ni jamaa wa mke, na kumwambia "tuandikiane" huonekana kama kumvunjia heshima. Dini haikuona hivyo. Katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 282, Waislamu wameagizwa kuandika deni la muda na kuweka mashahidi, wala halikutengwa deni la jamaa au la jirani. Wazee nao wametuusia kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Karatasi moja yatosha. Iandikwe kazi yenyewe na vipimo vyake, jumla ya ujira, nani atanunua vifaa, na fedha itatoka kazi ikifika wapi. Tuchukue mfano wa mwenye nyumba anayeongeza vyumba viwili, na ujira wa fundi ni shilingi 3,000,000, vifaa akinunua mwenyewe. Arubuni iwe 300,000. Msingi ukimalizika, alipe 600,000. Kuta zikifika kwenye linta, 750,000. Paa likiezekwa, 600,000. Plasta na sakafu zikikamilika, 450,000. Zilizobaki, 300,000, zizuiliwe kwanza.

Kila awamu iwe ni jambo linaloonekana kwa macho. Neno "nusu ya kazi" ni mama wa ugomvi, kwa kuwa nusu ya fundi si nusu ya mwenye nyumba. Msingi ukaguliwe kabla ya kufukiwa, kwani ukishafukiwa hakuna awezaye kusema ulichimbwa kina gani. Zege limwagiwe maji kwa siku 7 angalau, na fundi asidai malipo ya awamu hiyo kabla ya siku hizo kupita. Kila fedha inapotoka, pawe na tarehe na sahihi za wote wawili.

Sababu ya kuzuia ile sehemu ya mwisho ni kwamba nyumba ya zamani imekwisha kutulia juu ya ardhi yake, lakini msingi wa chumba kipya bado utashuka kidogo. Ufa, ukiwapo, hutokea pale ukuta mpya unapokutana na wa zamani, na mara nyingi hungojea mvua za masika. Basi mapatano yaseme wazi kwamba salio litatolewa baada ya masika ya kwanza, fundi akiisha kuziba nyufa na mahali panapovuja. Asiyeziba ufa hujenga ukuta, na ni heri ufa huo uzibwe fedha ya fundi ikiwa bado mkononi mwa mwenye nyumba.

Wakaazi wa Mji Mkongwe, mji ulioingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, wana jambo la ziada la kuzingatia. Arubuni isitolewe kabla ya kibali cha Mamlaka ya Hifadhi kupatikana. Na kwa kuwa kuta zao ni za mawe na chokaa, ambayo hukauka polepole, muda wa malipo uwafikiane na muda wa chokaa, isije haraka ya kulipwa ikamfanya fundi apake saruji inayofungia unyevu ndani ya ukuta.

Hata hivyo, haki ina pande mbili. Wapo wenye nyumba, na miongoni mwao wapo watumishi wa Serikali, wanaobadilisha dirisha leo na mlango kesho, kisha wanakataa kulipia nyongeza hizo. Wapo wanaomwambia fundi "njoo mwisho wa mwezi", na mwisho wa mwezi huo haufiki. Fundi ana vibarua wanaongoja posho yao kila siku. Akicheleweshwa, huhamia kwingine, na mwenye nyumba humwita mwizi. Kila nyongeza iandikwe bei yake kabla haijaanzwa, na kazi iliyofika mahali pake ilipwe siku ile ile.

Viongozi nao wana sehemu yao. Mamlaka zinazohusika zinapotoa vibali vya ujenzi, hazishindwi kumpa mwombaji karatasi ya mapatano iliyopigwa chapa kwa Kiswahili, yenye nafasi za kujaza awamu na malipo. Masheha wanaweza kuwa mashahidi na kuweka nakala. Gharama yake ni ndogo, nayo ingewapunguzia wao wenyewe mashauri yanayowajia milangoni kila jioni bila ya ushahidi wowote.

Tunawanasihi wananchi wasione haya kuandikiana. Fundi mwaminifu hapotezi kitu kwa karatasi, bali hupata uhakika wa ujira wake. Na mwenye nyumba atakayelipa kwa kadiri ya kazi ataingia chumba chake kipya akiwa bado anasalimiana na aliyemjengea.