Mbwa wako anaharisha kila mara? Chunguza sahani yake kwanza

UMEMPA mbwa wako dawa, akapata nafuu, na baada ya wiki moja mambo ni yale yale: kinyesi cha maji maji na harufu inayojaa keja nzima. Kabla hujanunua dawa nyingine, jiulize anakula nini.

Wengi wetu huwapa makombo. Leo ugali na supu ya matumbo, kesho chapati na maziwa. Tumbo la mbwa halipendi kubadilishiwa msosi ghafla, na mbwa wengi wakishakomaa hawamudu sukari iliyo kwenye maziwa.

Kuharisha kukizidi wiki tatu, hilo ni tatizo sugu. Peleka sampuli ya kinyesi kwa daktari wa mifugo apime minyoo na vimelea kama giardia, kwa sababu chakula pekee hakitawaondoa.

Akishapimwa, geukia nyuzinyuzi, au faiba. Ile inayoyeyuka hunyonya maji na kuwa kama uji mzito, hivyo kinyesi hushikana. Bakteria wazuri nao huichachusha na kutoa asidi zinazolisha ukuta wa utumbo mpana. Ndiyo maana faiba hiyo hiyo humsaidia anayeharisha na hata aliyefunga choo.

Huhitaji pesa nyingi. Chemsha malenge bila chumvi wala mafuta, uyaponde. Mbwa mdogo aanze na kijiko kimoja cha chai kwa mlo, mkubwa kijiko kimoja cha mezani. Usizidishe, faiba nyingi huleta gesi na kuharisha zaidi.

Ukimhamisha kwa chakula kipya, tumia siku saba hadi kumi: anza na robo ya kipya, kisha nusu, kisha robo tatu. Baada ya hapo usichanganye kitu kingine kwa angalau wiki mbili ndipo ujue kama kinamfaa. Waambie majirani pia, maana kipande kimoja cha mandazi kinaweza kuharibu jaribio lote.

Vitunguu, zabibu na chokoleti ni sumu kwake, nayo mifupa iliyopikwa humchoma matumbo.

Ukiona damu, kutapika, au anakonda, usisubiri malenge yafanye kazi. Na kama ni mtoto wa mbwa ambaye hajachanjwa, mkimbize kwa daktari siku hiyo hiyo. Huenda ikawa ni parvo, na hiyo huua haraka.