Kliniki ya Mtoto Haikomi kwa Sindano ya Mwisho

Katika kata za Kikuyu Kaskazini na Kikuyu Kusini jijini Dodoma, kama ilivyo kwingineko nchini, wazazi wengi huzifahamu tarehe za chanjo za watoto wao. Swali huzuka baadaye: mtoto mwenye afya njema, ambaye hana chanjo iliyo karibu, apelekwe kliniki kwa ajili ya nini?

Kwanza tuikumbuke ratiba. Baada ya kujifungua, mama na mtoto huchunguzwa ndani ya saa 48, kisha siku ya 7, ya 28 na ya 42. Chanjo ya kifua kikuu na matone ya polio hutolewa mtoto anapozaliwa. Nyingine hufuata wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Ile ya surua na rubela hutolewa miezi 9 na 18. Upimaji wa ukuaji, hata hivyo, haufuati sindano. Hufanyika kila mwezi katika miaka 2 ya mwanzo, na mahudhurio huendelea hadi mtoto atimize miaka 5. Kuanzia miezi 6 hupewa pia matone ya vitamini A kila baada ya miezi 6.

Sababu yake ni hii. Mtoto wa kiume mwenye kilo 8 akiwa na miezi 6 anakua vizuri. Akibaki na kilo 8 hizo hizo hadi miezi 9, anayempima siku hiyo tu ataona uzito usiotisha. Anayeitazama kadi ataona mstari uliolala kwa miezi 3. Huenda uji ni mwepesi mno, au mtoto ameugua kuhara mara kwa mara. Hayo hurekebishika yakigunduliwa mapema. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa takriban watoto 3 kati ya 10 walio chini ya miaka 5 nchini Tanzania wamedumaa. Udumavu hujengeka polepole, hasa kabla ya miaka 2, wala hauna homa ya kumshtua mzazi. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, takriban Desemba hadi Aprili. Wakati huo mama yuko shambani na akiba ya nafaka inapungua. Ndipo kliniki inapohitajika zaidi.

Kwa wahudumu wa afya: kuandika uzito pekee hakutoshi. Weka nukta, unganisha mstari, pima urefu, kisha mweleze mzazi maana yake kwa upole.

Kwa wazazi: mtoto akishindwa kunyonya, akitapika kila kitu, akipata degedege, akipumua kwa shida au akilegea, msingoje siku ya kliniki. Mpelekeni kituoni mara moja, na kadi yake mkononi.