Uagapo Kazi, Chukua Yaliyo Mema

Wahenga walisema kwamba wema hauozi. Maneno hayo yamfaa sana kila karani, mwalimu na mfanyakazi aliyeitumikia kazi moja miaka mingi, hata ikawadia siku ya kurudisha funguo. Siku hiyo moyo huwa na mambo mawili, shukrani na uchungu, na hapana budi mtu achague atakalokwenda nalo nyumbani.

Mimi nilikuwa karani wa mizani katika kiwanda cha kahawa cha chama kimoja cha ushirika, kwenye miteremko ya Mlima Kenya. Niliingia mwaka 1974, nikatoka mwaka 2005. Mkulima alitandaza matunda yake juu ya gunia, akaondoa mabichi na makavu. Nami nilipima, nikaandika kilo daftarini, nikampa risiti. Siku ile ile matunda yalimenywa kwa mashine, kwani yakilala huharibu ladha. Kisha kahawa iliachwa ichachuke, ikaoshwa, ikaanikwa juu ya meza za waya. Yapata kilo 6 au 7 za matunda hutoa kilo 1 tu ya kahawa safi. Kwa hiyo kila kilo mizanini ni jasho la mtu.

Niliona neema na dhiki. Julai 1975 jalidi iliunguza mibuni ya Brazil, bei ikapanda duniani kote, na kufikia mwaka 1977 mapaa ya mabati yaling'aa kila upande wa vijiji vyetu. Julai 1989 mapatano ya mataifa juu ya mgao wa kahawa yalivunjika, bei ikaanguka, na wakulima wengi wakaacha mibuni yao bila kupogoa.

Katika dhiki hiyo, mwaka 1991, hesabu ya kilo haikulingana na kahawa iliyotoka kiwandani. Niliitwa mwizi mbele ya wanachama, nikasimamishwa kazi miezi 2 bila mshahara. Baadaye ikaonekana kuwa mizani ndiyo mbovu. Nilirudishwa kazini, lakini hakuna aliyeniambia, "Pole."

Neno hilo nililiweka moyoni miaka 14. Kustaafu kulipokaribia, niliandika hotuba ya kurasa 4, nikawataja kwa majina wote walionitukana.

Asubuhi ya siku ya kuagana alikuja mama mmoja mzee, mkulima mdogo. Alifungua fundo la leso yake, akatoa risiti iliyofifia ya mwaka 1977, yenye sahihi yangu.

"Karani, mwanangu," akasema, "siku ile nilikuambia kwamba kilo zangu zimepungua. Hukunifokea. Ulipima tena, zikazidi 3, ukaandika upya. Fedha za msimu ule zilimpeleka kijana wangu sekondari."

Nilimshukuru, lakini sikuikumbuka siku hiyo hata kidogo! Tusi la 1991 nililijua mpaka saa yake, na wema wa 1977 nilikuwa nimeupoteza kabisa. Nikaona haya. Mimi niliyefundishwa kuandika mapato na matumizi, daftari la moyo wangu lilikuwa na safu moja tu, ya madeni.

Nikaichana ile hotuba. Mbele ya wanachama nilimshukuru mzee aliyenifundisha kusoma mizani, na walinzi tuliokesha nao mashine zikinguruma, na kina mama waliotuletea uji wakati wa mavuno.

Msidhani nilificha kosa. Katika karatasi ya makabidhiano niliandika wazi kwamba mizani ijaribiwe kwa jiwe la uzito unaojulikana kabla ya kila msimu, ili karani mwingine asiumizwe kama mimi. Hapo ndipo mahali pake. Jambo la kurekebishwa huandikwa kazini. Hotuba ya kuaga haifai kuwa baraza la mashtaka.

Basi, ndugu msomaji, siku zako zikikaribia, keti jioni moja na kalamu, ukawaandike waliokutendea mema. Utashangaa jinsi orodha itakavyorefuka. Na ulimi uuchunge, kwani heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi.

Hata leo nikipita kiwandani, watu huniita "Karani," nami huitika kwa furaha.