Lugha ya Kiyunani, ya Kale na ya Sasa

Wayunani, ambao wengi huwaita Wagiriki, ni wenyeji wa nchi ya milima, mawe na visiwa vingi katika Bahari ya Kati. Udongo wao si wa neema, lakini lugha yao imeandikwa tangu miaka zaidi ya 3,300 iliyopita. Twapenda kuwaeleza wasomaji wetu habari zake, na hasa ugomvi uliotokea kwa ajili yake, maana ni ugomvi ambao kila mwalimu ataufahamu.

Maandishi yao ya kwanza si mashairi wala hadithi za vita. Ni vibao vya udongo vilivyochimbuliwa Knossos, katika kisiwa cha Krete, na Pylos. Hapana aliyeweza kuvisoma mpaka mwaka 1952, ndipo Mwingereza mmoja, Michael Ventris, alipotambua ya kuwa lugha yake ni Kiyunani. Na ndani yake mliandikwa nini? Hesabu za kondoo, ngano na mafuta! Makarani wa baraza watacheka, maana kazi ni ile ile. Maandishi hayo yakapotea. Kisha, yapata miaka 800 kabla ya Kristo, Wayunani wakatwaa herufi za Wafoinike, wakazipa nyingine kazi ya kuonyesha sauti kama a, e na o. Herufi mnazosoma hapa zatokana na hizo, kwa njia ya Warumi.

Baada ya vita vya mfalme Iskandari wa Makedonia, aliyekufa mwaka 323 kabla ya Kristo, Kiyunani kikawa lugha ya masoko na mabaraza toka Misri hata Shamu na mbele yake. Ndiyo iliyoandikiwa Agano Jipya. Ndiyo pia aliyoitumia baharia mmoja wa karne ya kwanza, asiyejulikana jina, alipoeleza safari za pwani yetu. Ataja bandari iitwayo Rhapta, penye pembe nyingi za ndovu, na asema imeitwa hivyo kwa sababu ya vyombo vyake vilivyoshonwa kwa kamba. Walioona mitepe watamwelewa. Nayo maneno yetu kalamu, kanuni, falsafa na almasi asili yake ni Kiyunani, yakatufikia kwa Kiarabu.

Sasa tuje kwenye ugomvi. Mwaka 1821 Wayunani waliinuka kupigana na Waturuki waliowatawala, na walipopata nchi yao ikawa lazima kuchagua: serikali na shule zitumie Kiyunani gani? Cha nyumbani kilikuwa kimebadilika sana, tena kina maneno ya Kituruki na Kiitaliani. Mtaalamu Adamantios Korais alitaka kisafishwe na kurudishwa karibu na cha kale. Hivyo ikatokea lugha iitwayo katharevousa, yaani iliyotakaswa, kando ya ile ya watu, dimotiki. Mtoto nyumbani aliita mkate "psomi", lakini katika lugha ya kitabuni ni "artos". Maji nyumbani ni "nero", kitabuni ni "hydor". Tuonavyo sisi, wataalamu hao walipenda kweli urithi wa wazee wao; ila mzigo ulimwangukia mtoto, aliyefika shuleni akakuta lugha yake mwenyewe yahesabiwa kuwa takataka.

Mwaka 1901 gazeti la Akropolis, la mji wa Athens, lilianza kupiga chapa Injili ya Mathayo kwa lugha ya watu, tafsiri ya Alexandros Pallis. Wanafunzi wa chuo kikuu wakaingia njiani kwa hasira, wakisema neno takatifu limevunjiwa heshima. Watu wanane waliuawa katika ghasia ile, Askofu Mkuu akajiuzulu, na serikali nayo ikaanguka. Mwaka 1911 katiba ikakataza Maandiko yasifasiriwe bila ya idhini ya Kanisa. Mabishano yaliendelea miaka mingi, hata mwaka 1976 sheria ilipoiweka dimotiki kuwa lugha ya shule na ya serikali.

Kila tarehe 9 Februari Wayunani huadhimisha siku ya lugha yao, iliyowekwa na serikali yao mwaka 2017. Tarehe hiyo ndiyo aliyofariki mshairi Dionysios Solomos, mwaka 1857. Yeye alitunga kwa lugha ya watu, na beti za kwanza za utenzi wake wa mwaka 1823 ndizo wimbo wa taifa lao.