Saikolojia ya Tiba: Utangulizi kwa Watumishi wa Sharika

Makala hii inakusudia kumweleza mtumishi wa usharika juu ya taaluma ambayo bado haijapata jina moja lililokubalika katika lugha yetu. Wengine huiita saikolojia ya tiba, wengine elimunafsia ya hospitalini, na wengine husema tu "ushauri nasaha", jina ambalo kwa kweli ni la jambo jingine lililo jirani. Sisi tutalitumia jina la kwanza. Tunawaandikia hasa wachungaji, wainjilisti na wanafunzi wa theolojia watakaotumwa kufanya kazi katika mkoa wa Singida, tangu Iramba na Mkalama hadi Manyoni, mahali ambapo mtu aliyeelemewa moyoni humwendea mhudumu wa kanisa muda mrefu kabla ya kuifikiria hospitali. Mhudumu asiyejua taaluma hii hufanya nini, na haifanyi nini, aweza kumchelewesha mtu hata akapotea.

Saikolojia kwa maana ya jumla ni elimu ya nafsi na mwenendo wa mwanadamu: jinsi anavyofikiri, anavyokumbuka, anavyohisi na anavyotenda. Kama elimu ya kujitegemea ilianzia mjini Leipzig, Ujerumani, ambako Wilhelm Wundt, mwana wa mchungaji, alifungua maabara yake mwaka 1879. (Wanyiramba walilisikia jina la mji huohuo kutoka kwa wamisionari wa Kilutheri waliofika kwao kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, ingawa hao walileta habari nyingine kabisa.) Mwanafunzi mmoja wa Wundt, Mmarekani Lightner Witmer, ndiye aliyeitoa elimu hiyo maabara na kuipeleka kwa mwenye shida. Mwaka 1896 mwalimu mmoja alimletea mvulana aliyeshindwa kabisa kuandika maneno kwa usahihi, ingawa hakuwa mjinga. Witmer hakumkaripia wala hakumwita mvivu. Alimpima, macho yake pia, akatafuta mahali penye tatizo, kisha akamwandalia mafunzo ya kumfaa. Hivyo ndivyo kliniki ya kwanza ya saikolojia ilivyozaliwa katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania.

Mwaka huohuo wa 1896, huku kwetu, Wajerumani wa Kiinjili walianzisha makao ya Lutindi katika milima ya Usambara kwa ajili ya watoto waliookolewa utumwani. Mwanzoni mwa karne ya 20 makao hayo yakageuzwa kuwa hospitali ya wagonjwa wa akili, na hata leo yako chini ya Kanisa letu. Serikali ya Kiingereza nayo ikafungua Hospitali ya Mirembe mjini Dodoma mwaka 1927. Nyumba hizo zilikuwa kwanza mahali pa kuwahifadhi wagonjwa na, tuseme kweli, mahali pa kuwatenga na wengine. Tiba ya mazungumzo ilikuja baadaye sana. Jina la Mirembe limekuwa neno la mzaha na tusi katika vijiwe vya nchi nzima, na jambo hilo peke yake limewazuia watu wengi kufunga safari ya kilomita zipatazo 240 kutoka Singida kwenda kupata msaada.

Yafaa hapa kutofautisha watu wawili ambao mara nyingi huchanganywa. Daktari wa magonjwa ya akili ni tabibu aliyesomea udaktari, kisha akabobea katika maradhi hayo. Yeye huandika dawa. Mtaalamu wa saikolojia ya tiba si tabibu wala haandiki dawa. Vyombo vyake ni mazungumzo yenye utaratibu, vipimo, uchunguzi wa mwenendo, na mazoezi anayompa mgonjwa. Chuo Kikuu cha Muhimbili hutoa shahada ya uzamili katika fani hii. Hata hivyo waliohitimu ni wachache, nao wengi hubaki katika miji mikubwa.

Anafanyaje kazi? Tuchukue mfano wa kubuni. Mama mmoja mjane, mkulima wa alizeti katika wilaya ya Ikungi, anafika zahanati akisema kwamba kichwa kinawaka moto, moyo unamwenda mbio, na usiku halali kwa "mawazo mengi". Anapimwa malaria, haonekani nayo. Anapewa dawa ya maumivu na kurudishwa nyumbani. Safari ya tatu anabahatika kukutana na mtaalamu wa saikolojia. Huyu haanzi kwa kumshauri. Anamwambia, "Mama, nieleze siku yako ya jana, tangu ulipoamka." Kutokana na simulizi hiyo ya saa kwa saa anagundua kwamba mama ameacha kwaya, ameacha kikundi cha kuweka na kukopa, anajilaza mchana, na kwa hiyo usiku usingizi haumjii. Anapokesha anajiambia kwamba amekuwa mzigo kwa wanawe. Kadiri anavyojiona mzigo ndivyo anavyozidi kujitenga, na kadiri anavyojitenga ndivyo anavyokosa mtu wa kumwambia kwamba si mzigo. Aidha, inajulikana kwamba shemeji zake wanalitaka shamba la marehemu.

Mtaalamu huyaweka mambo hayo pamoja na kuyaeleza mbele ya mgonjwa mwenyewe, ili wayaone kama duara moja. Kazi hiyo ya kueleza tatizo ndiyo kiini cha taaluma yote. Asiyeiweza hataweza mengine. Kisha wanatafuta pa kulikata duara. Pengine wataanza na jambo dogo: mama arudi kwaya Jumatano, hata kama atakaa tu bila kuimba, na aandike au amweleze binti yake alivyojisikia kabla na baada. Lile wazo la kuwa mzigo nalo litachunguzwa kama vile baraza linavyochunguza dai: ushahidi wake ni upi, na ni upi ulio kinyume chake? Njia hii ya kuyapima mawazo iliendelezwa na Aaron Beck, tabibu wa Marekani, tangu miaka ya 1960. Ama shamba, hilo halitatuliwi kwa mazungumzo ya kliniki. Mtaalamu mwenye akili atamwelekeza mama kwenye baraza la ardhi, kwa maana huzuni inayotokana na dhuluma haiponi huku dhuluma ikiendelea.

Baada ya mikutano kadhaa hali ya mama itapimwa tena kwa maswali yaleyale ya mwanzo. Hapo taaluma hii hutengana na ushauri wa mzee mwenye busara, ambao nao una thamani yake. Mzee hutoa neno na kuamini kwamba limefaa. Mtaalamu analazimika kuuliza kama limefaa, na likiwa halikufaa abadili njia.

Vipimo vyenyewe vina hadithi inayotuhusu sisi wasemaji wa Kiswahili. Dodoso nyingi zilitungwa Ulaya na Marekani, na mtu aweza kulitafsiri neno bila kuipata maana. Huku kwetu mtu mwenye sonona ni nadra kusema "nina huzuni". Atasema moyo unauma, mwili umechoka, anawaza sana. Washona wa Zimbabwe wana neno lao la kuwaza kupita kiasi, kufungisisa, nalo hulitumia kwa hali inayofanana na hiyo. Profesa Sylvia Kaaya wa Muhimbili na wenzake walichapisha mwaka 2002 matokeo ya kulijaribu dodoso la kigeni la dalili 25 kwa akina mama wajawazito wenye virusi vya ukimwi jijini Dar es Salaam, ili kujua kama lapima kweli kile linachodai kupima. Dodoso fupi la maswali 9, linalouliza juu ya wiki mbili zilizopita, nalo limejaribiwa kwa Kiswahili hapa nchini. Swali lake la mwisho linahusu mawazo ya kufa au kujidhuru, na tutalirudia hilo.

Mtu ataniuliza: haya yatusaidie nini sisi tulio mbali na Muhimbili? Jibu limepatikana kwa sehemu nchini Zimbabwe, ambako tabibu Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha bibi wazee, wahudumu wa afya wa mitaani, kuketi na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati na kuwaongoza kutatua shida zao hatua kwa hatua. Matokeo ya jaribio lililohusisha watu 573 yalitangazwa mwaka 2016, na waliosaidiwa na bibi hao walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Karibu zaidi na sisi, Moshi nchini Tanzania na Bungoma nchini Kenya, watu wasio wataalamu walifundishwa kuwahudumia watoto yatima 640 wenye majonzi na hofu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020. Mwishoni mwa huduma watoto walikuwa na nafuu zaidi ya wenzao katika maeneo matatu kati ya manne. Baada ya mwaka mmoja tofauti ilibaki Kenya tu. Nayataja yote mawili makusudi. Habari njema zikisimuliwa nusu huwa matangazo ya biashara. Lakini watu hao wa kawaida hawakuachwa peke yao: walikuwa na wasimamizi waliowasikiliza na kuwasahihisha kila mara. Mwinjilisti aliyehudhuria semina ya siku tatu na kurudi kwake bila msimamizi hajawa kama mmoja wao.

Kanisa si mgeni katika jambo hili. Mchungaji Anton Boisen wa Marekani, ambaye yeye mwenyewe aliwahi kulazwa kwa ugonjwa wa akili, aliwachukua wanafunzi wa theolojia mwaka 1925 na kuwaweka katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Worcester, ili wajifunze kuwasoma watu kama walivyosoma vitabu. Kutokana na mbegu hiyo yametoka mafunzo ya uchungaji hospitalini, ambayo hapa kwetu hutolewa KCMC, Moshi. Mwanafunzi huko huandika mazungumzo yake na mgonjwa neno kwa neno, kisha wenzake wanayachambua. Wengi hushangaa kuona jinsi walivyokimbilia kuomba ili tu wakwepe kusikiliza.

Sasa tuje kwenye jambo gumu, yaani mapepo. Sikusudii kumaliza hapa mjadala wa kitheolojia. Nasema tu kwamba mtu anayeanguka na kutetemeka, anayesikia sauti, au aliyenyamaza wiki nzima, apaswa kuchunguzwa na tabibu, hata kama mnamwombea. Mambo hayo mawili hayapingani. Hospitali ya Haydom, iliyofunguliwa mwaka 1955 na inayopokea pia watu kutoka Mkalama na Iramba, imefanya utafiti juu ya kifafa, na kule Mahenge Louise Jilek-Aall alianza kuwatibu wenye kifafa tangu mwaka 1959. Wagonjwa wake walikuwa watu waliokimbiwa na jamaa zao kwa hofu. Kifafa si kazi ya saikolojia kwanza. Ni ugonjwa wa ubongo wenye dawa. Lakini anayemwambia mgonjwa wa kifafa atupe vidonge vyake kwa sababu ameombewa anamweka katika hatari ya kifo, kwa kuwa kuacha dawa hizo ghafla kwaweza kuleta degedege lisilokoma. Nalisema hili kwa ukali kwa sababu lipo katika mikutano ya maombezi. Wagonjwa wa ukoma waliotunzwa Iambi nao walidhaniwa kuwa na laana, na Kanisa halikungoja hoja hiyo iishe ndipo liwafunge vidonda.

Lile swali la kujidhuru. Watumishi wengi huogopa kumwuliza mtu kama anafikiria kujiua, wakidhani kwamba kwa kuuliza watampandia wazo hilo. Utafiti haujaonyesha hivyo. Mara nyingi mtu huhisi ametuliwa mzigo. Uliza kwa upole na kwa maneno ya wazi. Akikubali, usimwache peke yake, waombe ndugu waondoe nyumbani dawa za kuulia wadudu, na umfikishe hospitali siku hiyohiyo. Usimhubirie juu ya dhambi usiku ule. Malaika aliyemkuta Eliya chini ya mretemu akiomba afe alimpa kwanza mkate, maji na usingizi. Zipo pia sharika ambazo humnyima ibada ya mazishi aliyejiua. Wazee wa usharika wajiulize kama desturi hiyo haiwafungi midomo walio hai wenye mawazo kama hayo.

Kuna kanuni nyingine ambayo sisi wahudumu twaivunja kila Jumapili bila kujua: usiri. Mtaalamu wa saikolojia haruhusiwi kutoa habari za mgonjwa wake pasipo ridhaa yake, isipokuwa uhai uwe hatarini. Sisi twamtaja mtu kwa jina katika sala ya Kanisa, na shida yake, na kijiji kizima chajua. Mwombee, lakini mwulize kwanza kama angependa kutajwa.

Mwisho, barua ya rufaa. Mgonjwa anapopelekwa hospitali ya mkoa, Haydom au Mirembe, mara nyingi hufika na ndugu asiyejua lolote. Mhudumu aandike nusu ukurasa: tatizo lilianza lini, ni nini kilichobadilika katika usingizi, chakula na kazi, kama hunywa pombe, na kiasi gani, amekwisha kutumia dawa zipi, za hospitali na za kienyeji, kama amewahi kusema anataka kufa, na namba ya simu ya mtu atakayempokea akirudi. Asiandike "ana mapepo" wala "ni kichaa". Aandike alichoona na alichosikia, kisha amsomee mgonjwa barua hiyo kabla ya kuifunga.