Mawe Meusi Hayafanani: Tuyajue Mbele ya Mizani

Hapa Pinga, mfuko wa mawe meusi unaweza kulipa minerval ya watoto, ama kukuacha bila hata franka moja. Kwa juu yote iko sawa: kasiterite, kolta, wolfram, turmalini. Lakini bei haiko sawa, na turmalini nyeusi karibu haina soko. Ni pale ndipo tunaliwa. Mnunuzi anachungulia ndani ya mfuko, anasema "turmalini ni mingi", anakata kilo, na siye tunanyamaza.

Tusinyamaze. David Hubel na Torsten Wiesel walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1981. Walipima ubongo wa paka, wakakuta seli zinazoamka mnyama akiona mstari uliosimama, na zingine zinazoamka kwa mstari uliolala. Jicho limeumbwa kushika mistari. Basi tuitafute.

Turmalini iko na mistari myembamba ya urefu, kama mifereji. Wolfram inapasuka bapa, na uso wake unang'aa. Kasiterite ni fupi na nene, mara zingine imekunjwa kama kiwiko. Usimulike jiwe moja kwa moja, juu mwanga wa mbele unafuta mistari. Weka tochi pembeni: kivuli kitaionyesha.

Jicho peke yake halitoshi, maana mto unalainisha mawe. Sugua jiwe nyuma ya karo, upande usio na rangi. Kolta na wolfram zinaacha alama ya kahawia nzito ao nyeusi. Kasiterite inaacha nyeupe ao kijivu hafifu. Turmalini nayo inaacha nyeupe, lakini mkono utakuambia: kwa ukubwa uleule, kasiterite ni nzito mara mbili na zaidi. Mama zetu wanaoosha mchanga wanaijua hii zamani: maji yanabeba turmalini, kasiterite inabaki chini.

Kwa hiyo, ndugu wachimbaji, tunaomba kitu kimoja. Mbele ya mizani, tuchote kiganja kimoja, tukisugue na kukipima pamoja na mnunuzi, watu wakiona. Matokeo yaandikwe kwenye bon, kisha ndiyo bei isemwe. Mwenye kukataa kuangalia pamoja nasi, tusimfungulie mfuko.