Maji Matamu Chini ya Mchanga wa Shela: Swali la Utafiti Lisiloweza Kungoja

Kisiwa cha Lamu hakina mto. Kwa vizazi vingi wakazi wake wametegemea maji yaliyo chini ya vilima vya mchanga vya Shela. Mvua ikinyesha, mchanga huimeza kabla haijakimbilia baharini. Maji hayo hukaa ardhini yakielea juu ya maji ya chumvi, kwa kuwa maji matamu ni mepesi zaidi.

Kwa kawaida, kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari hubebwa na takriban mita 40 nyingine zilizo chini ya usawa huo. Hiyo ni akiba kubwa, lakini hesabu hukata pande zote mbili. Kiwango cha maji kikishuka sentimita 10 tu na kubaki hapo, chumvi inaweza kupanda mita 4 hivi. Ndiyo sababu kisima kinachovutwa kwa pampu mchana na usiku huweza kuingia chumvi ilhali bado kimejaa maji.

Mabadiliko ya tabianchi yanaibana akiba hii kutoka baharini na kutoka angani. Kati ya 1901 na 2018 bahari duniani ilipanda kwa wastani wa sentimita 20. Mvua nazo hazitabiriki: kuanzia mwishoni mwa 2020, sehemu kubwa ya kaskazini na mashariki mwa Kenya ilipitia misimu mitano mfululizo ya mvua haba.

Utafiti wa tabianchi visiwani mara nyingi huanza na matumbawe na mikoko, na si kosa. Matumbawe ya pwani yetu yalipauka vibaya mwaka 1998, na zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya iko Lamu. Hata hivyo, maji ya kunywa yanastahili kutangulia. Ni kiasi gani cha mvua hufika chini? Kila msimu yavutwe maji kiasi gani? Chumvi imefika wapi leo? Majibu yanahitaji visima vya uangalizi vinavyopimwa miaka kadhaa, masika na kiangazi. Ziara ya wiki moja haitoshi. Yanahitaji pia kujulikana jinsi ujenzi, uchotaji wa mchanga na mashimo ya vyoo yanavyoathiri vilima hivyo.

Pate, Ndau na Kiwayu wana swali lao, kwani huko watu hutegemea sana jabia na visima vifupi: jabia iwe na ukubwa gani ili kijiji kivuke kiangazi kirefu?

Wenye visima wanajua mengi ambayo hayajaandikwa popote. Tarehe maji yalipoanza kukolea chumvi, kina cha kisima, na kama ilikuwa bamvua au maji mafu: daftari lenye mambo hayo matatu lina manufaa makubwa kwa mtafiti.